Tazama Namba Kabla ya Jina

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kokteli inapotaka pombe tamu ya machungwa ya aina moja nasi tuna nyingine, tubadilishe au tuache? Mimi nabadilisha. Lakini kwanza naigeuza chupa nisome asilimia ya kilevi.

Jina lenyewe halitoshi kukuongoza. Cointreau ya Angers, Ufaransa, ni triple sec, yaani pombe tamu ya machungwa isiyo na rangi, na ina asilimia 40. Zipo nyingine zenye maneno hayohayo “triple sec” kwenye lebo, bei yake nafuu, na kilevi chake ni 15 au 20 tu. Chukua margarita ya kawaida: mililita 50 za tekila, 20 za triple sec, 15 za maji ya ndimu. Ukitumia ya asilimia 40, mchanganyiko kabla ya barafu una kilevi cha takriban asilimia 33. Ukitumia ya 20, unashuka hadi 28 hivi, na barafu bado haijaanza kuyeyuka! Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilidhani ndimu ndiyo mbovu. Nikaongeza triple sec, kumbe naongeza sukari. Siku hizi triple sec naiacha palepale kwenye mililita 20, naongeza mililita 10 za tekila, kisha nakamulia ganda la chungwa juu ya glasi, kwa sababu harufu nayo huwa imepungua.

Grand Marnier, pombe nyingine tamu ya machungwa, ni jambo jingine. Nayo ina asilimia 40, kwa hiyo kwa nguvu hakuna tatizo. Tofauti ni kwamba ndani yake mna konyaki, ile brandi ya Ufaransa, wakati Cointreau hutengenezwa kwa pombe isiyo na ladha yake yenyewe. Kwenye Sidecar, ambayo msingi wake ni konyaki vilevile, sioni hasara yoyote. Kinywaji kinakuwa kizito kidogo, na mimi napenda hivyo. Kwenye margarita pia inakubalika, ila tekila inasogea nyuma. Lakini White Lady? Jini, limau na pombe ya machungwa, kinywaji cheupe kinachotaka ukali safi. Niliwahi kuwatengenezea wageni kwa Grand Marnier, kikatoka na rangi kama ya chai iliyopoa. Walikinywa kwa adabu. Hakuna aliyeomba cha pili.

Curaçao, nayo pombe tamu ya machungwa, ina asili yake katika kisiwa cha jina hilo karibu na Venezuela, ambako michungwa iliyoletwa na Wahispania ilizaa matunda machungu yasiyolika, lakini maganda yake yananukia ajabu. Ukikosa curaçao ya kutia kwenye Mai Tai, kokteli ya ramu, mimi ningekimbilia Grand Marnier kabla ya Cointreau, kwa kuwa ramu iliyokaa kwenye pipa na konyaki huelewana. Na ile curaçao ya buluu isiwatishe: buluu ni rangi tu iliyotiwa, ladha ni ya machungwa. Itie kwenye margarita ukitaka, mradi umesoma namba. Kwenye kinywaji chenye juisi ya kranberi, kama Cosmopolitan, msithubutu, labda muwe mnapenda kunywa kitu chenye rangi ya jeraha lililovilia damu.