Stika za Kucha Zinazobanduka Mapema

Swali: Shangazi, napenda kujipamba kucha nyumbani kwa stika za maua, lakini kwa joto la Mombasa hubanduka upesi. Nifanyeje? – Msomaji, Kisauni

Jibu: Mwanangu, gundi haishiki penye mafuta wala unyevu, kwa hiyo ukishanawa na kukausha mikono vizuri, pangusa kila kucha kwa spiriti, chagua stika nyembamba kidogo kuliko kucha ili isiguse ngozi, kisha ibonyeze kuanzia shinani kuelekea nchani. Mafuta ya nazi yapake baadaye. Wakati wa kuitoa, loweka vidole katika maji ya uvuguvugu. Ukiivuta kwa nguvu, kucha huchunika. Na kwa kuwa stika huzuia maji ya udhu, wengi wetu huzibandika siku wasizoswali, na siku nyingine hutumia hina, ambayo naipenda zaidi.