Roki ya progresivu iliyo tulivu: anza na Camel

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna roki ya progresivu, yaani roki yenye nyimbo ndefu na miundo tata, isiyo na kelele, ya kusikiliza usiku bila kuumiza kichwa. Ipo, tena tele. Anza na kundi la Camel wa Uingereza, albamu yao ya The Snow Goose ya mwaka 1975. Haina mashairi, hadithi nzima inasimuliwa na ala. Sikiliza "Rhayader": filimbi ya Andrew Latimer inaelea juu ya kinanda cha Peter Bardens, na tuni yake ukiisikia mara moja haikutoki. Latimer huyohuyo ndiye mpiga gitaa, na kwa maoni yangu ni kati ya wapigaji wenye hisia kuliko wote wa aina hii. Hana papara, kila noti anaiacha ipumue. Vipande vimeungana, kwa hiyo usirukeruke, isikilize yote.

Ukitoka hapo nenda kwa King Crimson, albamu yao ya kwanza ya 1969. Wimbo unaofungua ni mkali kweli, na wengi huishia hapo. Vumilia, kwani wa pili, "I Talk to the Wind", ni upole mtupu: filimbi ya Ian McDonald na sauti tulivu ya Greg Lake.

Kundi la Genesis pia wanakufaa, hasa wimbo wao "Entangled" wa 1976, yenye gitaa za nyuzi 12. Kundi la Yes ni hodari sana, ila albamu yao ya Close to the Edge inaanza kwa vurugu, iweke kiporo kwanza.