Kilo 60 za barafu zinaishia wapi?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nanunua sangara kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, kilo 200 kwa safari. Tunavuka hadi Bugolora, gari mpaka Nansio, kisha meli hadi Mwanza, na kutoka hapo mzigo unakwenda Dodoma. Natia barafu kilo 60 ufukweni, lakini nikifungua boksi Mwanza nakuta maji. Wateja wanalalamika nyama imelegea. Nikope ninunue gari la jokofu?

Jibu: Gari liache kwanza, ndugu yangu. Jokofu la gari kazi yake ni kumtunza samaki aliyekwisha poa. Ukilipakia samaki wa moto, litahangaika usiku kucha na Dodoma utafika na malalamiko yaleyale, safari hii ukiwa na deni.

Tupige hesabu. Maji ya ziwa yana nyuzi 25 hivi, na samaki anatoka na joto hilohilo. Kumshusha hadi sifuri, kila kilo yake inatoa kilojuli 90 hivi za joto. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza 334. Basi 200 mara 90, gawa kwa 334: kilo 54. Barafu yako karibu yote inaliwa na kupoza tu, na hizo 6 zilizobaki ndizo unazitegemea zipambane na jua la gati la Nansio! Joto linalopenya kuta za boksi sijaligusa. Ndiyo maana kwenye nchi za joto tunashauri kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Najua, barafu nayo inalipiwa nauli. Boksi lenye kuta nene za povu gumu litakupunguzia gharama hiyo, turubai halitasaidia.

Lakini hasara kubwa hutokea kabla hata hujampima samaki. Kwa kadirio la wataalamu, samaki kwenye nyuzi 25 huharibika kwa kasi mara 12 hivi ya yule aliye kwenye sifuri. Saa 6 ndani ya mtumbwi bila barafu ni sawa na kumpunguzia siku 3 za kukaa vizuri kwenye barafu. Tena nyavu za sangara hulala majini usiku. Samaki wengine hufa saa kadhaa kabla hazijavutwa. Kwa hiyo wape wavuvi wako barafu jioni wanapotoka. Wakikataa kwa sababu inachukua nafasi, ongeza bei kidogo kwa samaki aliyeletwa na barafu. Bado ni nafuu kuliko riba.

Ponda mabonge yawe madogo, panga tabaka kwa tabaka, na acha matundu chini: maji yenye damu na ute yasiwalowanishe samaki.

Nansio, choma kipimajoto mgongoni karibu na mfupa. Akizidi nyuzi 5, Dodoma asiende. Muuze soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, siku hiyohiyo.

Habari za gari tutazizungumza siku utakapofungua boksi Mwanza ukasikia barafu bado inagongana.