Chora kwanza, hubiri baadaye

Katika kitabu cha Ayubu kuna mtu anayehubiri kwa kutumia maumbile, na anahubiri vizuri kwelikweli. Ni Bildadi. Katika sura ya 8 anauliza kama mafunjo yanaweza kumea pasipo matope, kisha anaeleza jinsi yanavyonyauka upesi maji yakikosekana. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria hatuna cha kumbishia. Tunayaona mafunjo kila siku. Mfano wake ni wa kweli na lugha yake ni tamu. Ila aliyekuwa akihubiriwa ni baba aliyetoka kuzika watoto wake, na Bildadi alikuwa akimwambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba watoto hao waliyataka wenyewe. Mwishoni mwa kitabu Mungu anamkasirikia Elifazi na rafiki zake wawili, Bildadi akiwamo, kwa kutonena yaliyo sawa.

Mimi ni mchoraji, naishi Entebbe. Nasali na kikundi cha Kiswahili ambacho wengi wetu ni familia za askari, Wakongo, na watu wa Busia kama mimi tuliofuata kazi huku. Kwa kuwa michoro yangu mingi ni ya ndege, miti na maji, vijana huniuliza: "Kaka, unapataje neno la Mungu ndani ya vitu hivi? Sisi tukitazama mti tunaona mti." Huwa nawajibu kwamba wako pazuri. Anayetazama mti akaona mti amemzidi yule anayeutazama akaona mahubiri aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Ushauri wangu wote ni huo, mengine ni maelezo yake: usiwe na haraka ya funzo. Chukua penseli, kaa, chora kitu chenyewe mpaka kikukatalie lile funzo ulilokuwa nalo mfukoni. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho cha kuaminika.

Mfano wangu mkubwa ni korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu ambaye Waganda humwita bulwe. Ukitaka kumwona karibu na Entebbe unakwenda kinamasi cha Mabamba. Unavuka kwa boti kutoka Nakiwogo, unapanda boda upande wa pili, kisha unaingia kwenye mtumbwi mwembamba unaosukumwa katikati ya mafunjo na mayungiyungi. Nenda alfajiri. Mwaka 2006 Mabamba iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo ya ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na ndege huyu ndiye anayewaleta wageni wengi pale.

Zamani wavuvi wa Mabamba hawakumpenda hata kidogo. Ukikutana naye asubuhi, siku hiyo huna samaki. Ndivyo walivyoamini, na wengine walimuua kwa ajili hiyo. Leo baadhi ya watu wa pale wanalisha familia zao kwa kuwapeleka wageni kumtazama. Ndege ni yuleyule, hajabadilisha hata unyoya.

Sisi Wakristo tunaofika pale na daftari tuna usomaji wetu pia. Anasimama tuli kwa muda mrefu, hatikisiki, jicho la manjano halipepesi. Mara moja mtu atanong'ona: "Wao wamngojeao Bwana." Isaya 40, picha, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, amina nyingi. Lakini anza kumchora. Kwa kuwa hasogei ana nafasi nzuri ya kukufundisha, na penseli itakulazimisha kuuliza maswali ambayo kamera haikuulizi. Kwa nini mdomo umeelekezwa chini, kifuani? Kwa nini amesimama hapa, penye kijito chembamba, na si pale palipo wazi? Kwa nini shingo imekunjwa namna hiyo?

Mzee aliyekuwa akisukuma mtumbwi wetu ndiye aliyenijibu. "Mwanangu, huyo hapumziki. Anawinda kamongo." Kamongo ni samaki mwenye mapafu, sharti apande juu kuvuta hewa, la sivyo anakufa ndani ya maji. Bulwe analijua hilo. Amesimama mahali ambapo pumzi itamleta samaki, na samaki akijitokeza ndege huyu hujiangusha mzima mzima, mabawa wazi, anainuka na mdomo uliojaa majani, tope na kamongo, kisha anatema majani pembeni na kukikata kichwa cha samaki kwa kingo za mdomo wake. Baada ya kuona hivyo nilishindwa kuandika Isaya 40 chini ya mchoro. Utulivu ule ulikuwa njaa yenye maarifa.

Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi. Lililonibakia linahusu sala. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kumngoja Mungu ni kutulia na kutofikiri lolote. Sasa nadhani kungoja kuna mahali pake pa kusimama: anayengoja amechagua pembe ya maji, anajua tabia ya anachokingoja, na yuko tayari kulowa. Wewe unaweza kupata jingine kabisa. Sitagombana na wewe, mradi umemtazama.

Yesu mwenyewe, naona, alikuwa mtazamaji wa namna hii. "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo." Ukisikiliza vizuri, anawapa watu kazi ya kufanya kabla hajafika kwenye mavazi ya Sulemani: kwanza fikirini jinsi yanavyomea. Ndege vilevile: "Waangalieni." Tumezoea kurukia hitimisho la kutosumbuka, tukaiacha amri ya kuangalia kama vile ni salamu tu.

Mti ulionifundisha zaidi ni mutuba, ule wanaotengenezea lubugo, kitambaa cha gome cha Buganda. UNESCO iliutambua ufundi huu wa Buganda mwaka 2005 kama urithi wa binadamu, nayo kazi yenyewe ni ya karne nyingi kabla ya hapo. Wakati wa mvua gome hubanduliwa kwenye shina zima, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao zenye michirizi, kuanzia ile yenye michirizi mipana hadi ile yenye michirizi myembamba, mpaka lipanuke na kulainika. Linaanikwa juani na kugeuka rangi ya udongo wa matofali. Mti haufi. Unaotesha gome jipya, na fundi hurudi kwake miaka mingi.

Funzo la haraka unalijua tayari: tunachunwa ili tuote upya. Nimelisikia likihubiriwa, na watu walilia. Mimi nilikwenda kuchora mti baada ya kuchunwa, na nilichokuta ni shina lililofungwa majani ya mgomba kuanzia chini mpaka kwenye matawi, limezungushiwa kamba, kama mguu wa mgonjwa wa mifupa. Fundi haondoki na gome lake akauacha mti uchi juani, ungekauka. Kabla hajaanza kupiga nyundo anaufunga. Nilipouliza kama hatua hiyo inaweza kurukwa alinitazama kama mtu asiye na akili timamu.

Mahubiri ya kuchunwa nimeyasikia mara nyingi. Mahubiri ya majani ya mgomba sijayasikia bado. Kama unataka kumwambia mtu aliyefiwa au aliyefukuzwa kazi kwamba Mungu anamchuna ili amvike upya, jiulize kwanza umemletea jani gani. Ndipo namkumbuka Bildadi na mafunjo yake: alikuwa na mfano, hakuwa na jani. Mchoro wangu wa mutuba hauonyeshi gome hata kidogo. Ni majani na kamba tu, na ndio mchoro ambao watu wamesimama mbele yake muda mrefu kuliko mingine yangu.

Sasa mambo ya vitendo, maana wengine mmekuja kwa hayo.

Mwanga wetu wa ikweta una tabia zake. Kati ya saa tano na saa tisa mchana jua liko utosini, vivuli vinajificha chini ya vitu, na kila kitu kinaonekana bapa. Chora asubuhi hadi saa nne, au kuanzia saa kumi jioni. Na usitegemee machweo marefu. Jua likizama karibu saa moja, giza linafuata bila kukuaga.

Kijani ndicho kitakachokutesa Uganda. Kijani cha kwenye kopo ukikipaka moja kwa moja kinaonekana kama plastiki. Changanya njano na bluu mwenyewe, kisha tia nyekundu kidogo sana kuituliza. Mgomba, mhogo na mafunjo si kijani kimoja, na utakapozitofautisha hizo tatu utakuwa umejifunza kuona kuliko ungejifunza kwenye semina yoyote ya sanaa. Kama huna pesa ya rangi, mkaa wa jikoni unatosha, na udongo wetu mwekundu, ambao wekundu wake unatokana na madini ya chuma, ukiuchekecha vizuri na kuuchanganya na gundi nyeupe unatoa rangi nzuri isiyopauka upesi.

Usiige picha za kalenda. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania aliyesoma Makerere, alichora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa huko Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, na akaiweka habari yote kwenye nchi na watu wa pale. Anajulikana pia kwa usemi wake kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Hata hivyo makanisa yetu mengi bado yana Mchungaji Mwema kwenye malisho yenye miti ya Ulaya. Sina ugomvi na miti ya Ulaya, lakini mbuzi wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, naye ana mchungaji.

Kuna jambo gumu ambalo waandishi wa mada hii hulipita haraka. Bulwe kwa kawaida hutaga mayai mawili hivi, na mara nyingi kifaranga mmoja tu ndiye hukua. Mwenye nguvu humwonea mdogo wake mpaka anakufa, na mama anamlisha aliyebaki. Utalifanyia nini hilo kwenye ibada ya jioni? Mimi sijalifanyia kitu. Nimelichora. Paulo anawaambia Warumi kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, na sidhani alitaka tutoe mchoro wenye tabasamu kila mara. Mungu naye, anapomjibu Ayubu kutoka ndani ya upepo, hamletei mifano mizuri pekee. Anamtajia mbuni anayeyaacha mayai yake mchangani bila kujali, na vifaranga vya tai wanaonyonya damu. Halafu hamfafanulii. Kama daftari lako lote ni machweo na maua, hujakaa nje vya kutosha.

Kwenye kikundi chetu tumeanza utaratibu ambao nawashauri na ninyi muujaribu. Anayeleta neno la maumbile analeta kwanza mchoro, hata uwe mbaya, na watu wanautazama kimya kabla hajasema. Mara nyingi wanaona kitu ambacho mchoraji hakukiona. Mama mmoja Mkongo aliutazama mutuba wangu akauliza nani aliyeifunga kamba, na jioni nzima ikaenda kwenye swali hilo. Maandalizi yangu niliyarudisha mfukoni.

Kuhusu mahali: si lazima Mabamba. Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, ina miti mikubwa, tumbili na kivuli. Ua wa nyumba yako una siafu. Ila ukichagua ufukwe wa ziwa, funga daftari kabla giza halijaingia, kwa sababu viboko hutoka majini usiku kula nyasi. Katika sura ya 40 Mungu anamwambia Ayubu amtazame huyo mnyama, lakini hakumwambia asogee karibu. Nenda na mwenzako, vaa gambuti, na maji ya kunywa beba ya kutosha, maana penseli ikishaanza kukutii hutakumbuka kiu.