Wasanifu watatu, kiwanja kimoja chenye mteremko

SWALI: Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 huku Goba, Dar es Salaam. Kutoka barabarani kwenda bondeni kinashuka kama mita 2.5. Nataka nyumba ya vyumba vitatu, si ghorofa. Nimepata wasanifu majengo watatu: wa kwanza ana ramani tayari, anataka laki nne, wa pili anadai asilimia ya gharama za ujenzi, wa tatu anataka malipo ya mkupuo, ila amegoma kutaja bei mpaka aone kiwanja. Mimi si mtaalamu. Nitawapimaje?

JIBU: Dada, orodha ya maswali nenda nayo, lakini masikio yako yawe kwenye maswali anayokuuliza yeye. Nani anaishi nawe? Mama mkwe akija anakaa wiki au miezi? Unapikia mkaa au gesi? Gari litageuzia wapi? Maji ya mvua ya jirani wa juu yanapita wapi? Anayekufungulia kompyuta kukuonyesha picha za nyumba za bati la bluu kabla ya kuuliza hata moja ya hayo, huyo ni muuza ramani.

Wa laki nne simdharau. Kwenye kiwanja tambarare ungeweza kunusurika naye. Kwako, hebu tupige hesabu. Tuseme nyumba ni mita 14 kwa 10, upande mrefu ukifuata mteremko. Ardhi ya upande wa bondeni itakuwa chini kuliko ya upande wa barabara kwa karibu mita 1.2. Ramani ya ardhi tambarare itakulazimisha unyanyue msingi na kujaza kifusi, kama mita za ujazo 80 zikishashindiliwa. Kwa lori la mita za ujazo 7, hizo ni safari kumi na mbili na bado. Na mafundi wakikimwaga chote mara moja bila kushindilia tabaka kwa tabaka, masika mawili yakipita jamvi, yaani sakafu ya zege, linatitia, vigae vinapasuka, mlango wa choo unagoma kufunga. Aliyefika kiwanjani anaweza kuilaza nyumba ikingame na mteremko, au akashusha sebule ngazi tatu chini ya vyumba, na kifusi kikapungua sana. Kwa hiyo waite wote watatu kiwanjani, kila mmoja siku yake, uwaulize jambo moja: nyumba ungeiweka wapi, na kwa nini?

Jibu la maana litagusa jua na upepo. Kwa Dar, kuta fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi, ili jua la saa kumi lisiviunguze vyumba. Upepo wa kusi nao, unaovuma kutoka kusini-mashariki kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa hivi, ni kiyoyozi kisicholipiwa umeme. Nyumba yangu ya kwanza kuisanifu niliweka jiko upande huohuo unakotoka upepo. Mwenye nyumba alivuta harufu ya samaki wa kukaanga sebuleni msimu mzima, na hadi leo tukikutana msibani ananikumbusha. Mteremko ukitaka hivi na jua likitaka vile, hapo ndipo utaona nani ana uzoefu.

Usajili ni jambo fupi. Jina lake liwe kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Hakikisha mwenyewe, kwani muhuri unachongwa popote. Wapo wachoraji wasiosajiliwa wanaochora vizuri kuliko baadhi yetu, ila mambo yakiharibika huna bodi ya kuwashitakia. Muulize pia ramani za nondo na zege atazitoa nani. Hiyo ni kazi ya mhandisi, naye ana bodi yake.

Tuje kwenye pesa. Asilimia si wizi, lakini uliza ni ya gharama zipi: makadirio ya mwanzo au matumizi ya mwisho? Ikiwa ni ya mwisho, kila ukipandisha bei ya marumaru naye anapanda. Malipo ya mkupuo yana hatari yake: mara nyingi kazi huishia kwenye karatasi za kuombea kibali cha ujenzi, na fundi akikwama kwenye msingi simu haipokelewi. Mkataba useme atafika saiti mara ngapi. Kwa nyumba yako ningedai mara nne kwa uchache: wakati wa kuchimba msingi, kabla ya kumwaga jamvi, kwenye renta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), na wakati wa kupaua. Malipo nayo yafuate hatua. Anayetaka zaidi ya nusu kabla hajachora mstari mmoja, achana naye.

Kabla hujasaini, mwombe akuelekeze nyumba aliyoisanifu ambayo watu wameshaishi miaka miwili au zaidi. Picha ziache. Nenda bila yeye, ikiwezekana mvua ikinyesha, umuulize mama mwenye nyumba ni dirisha lipi halifunguliwi kamwe.