Ukitaka kuandika historia ya timu ya kijijini kwenu, anza na wazee

Juzi kijana mmoja wa Tandahimba kaniandikia: "Kaka, nataka kuandika historia ya timu ya kijiji chetu, nianzie wapi?" Nimefurahi mno, maana kazi hiyo nimeifanya. Historia ya timu yetu, huku Mtwara vijijini, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kurasa 32. Ila ndani yake kuna jambo linaloniuma mpaka leo.

Anzia kwa wazee. Makaratasi hutayapata. Timu ya mchangani haina ofisi, na daftari la katibu wetu wa zamani nililikuta limebaki jalada tupu, kurasa zilishafungiwa karanga.

Na usimuulize mzee ilikuwa mwaka gani, atakutajia wowote ili uridhike. Muulize mwaka huo kulitokea nini kingine. Wakisema "kabla hatujahamishiwa huku", hiyo ni kabla ya Operesheni Vijiji ya 1974. "Taifa Stars walipokwenda Lagos" ni 1980. "Simba walipofungwa fainali na wale wa Abidjan" ni 1993. "Daraja la Rufiji lilipofunguliwa" ni 2003. Hivyo ndivyo nilivyopanga kila kitu. Mjomba wangu alikumbuka mwaka wa jezi za kwanza kwa sababu alizichangia kwa hela ya korosho. Alizishona fundi cherehani wa hapo kijijini, namba zikaandikwa kwa rangi ya mafuta, na rangi ilipokauka ikawa inawakwaruza migongo wachezaji mpaka wakaomba kucheza vifua wazi. Habari kama hiyo utaipata kwa mzee tu.

Miaka ya katikati naipita. Tulifunga, tulifungwa, tulikula mbuzi wa watu na wao wakala wetu.

Sasa kosa langu. Wazee watatu waliniambia kwa kauli moja kwamba winga wetu wa kulia aliiuza fainali ya mbuzi dhidi ya kijiji jirani. Nikaandika. Siku nilipoisomea historia ile pale uwanjani, chini ya mkorosho, watu walipiga makofi. Jioni winga yule, sasa naye mzee, akaja barazani kwangu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akapandisha msuli hadi gotini, akaushika mkono wangu na kuuweka kwenye muundi wake. Pana nundu pale, ngumu kama kokwa la embe.

"Niliumizwa mapema tu, na benchi hapakuwa na mtu. Nikamaliza mechi hivyo hivyo. Mbona hukuja kuniuliza, mwanangu?"

Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi. Nilipanda basi mpaka Lindi kumtafuta golikipa wa zamani, lakini kwa yule mzee sikwenda.

Ukurasa ule niliuandika upya, nikausoma tena mbele za watu. Yeye hakuja. Mpaka leo haji uwanjani, hata timu ya mjukuu wake ikicheza.

Kwa hiyo vijana wenzangu, nendeni kwa wazee, na mwende kwa wote. Anayesemwa vibaya mwende kwake kabla ya wale wanaomsema. Najua sote huku Kusini tunaota mambo ya Namungo, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na mwaka 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba. Ni ndoto nzuri, nami ninayo. Lakini waliolima uwanja kwa jembe na kuweka magoli ya mianzi wapo majumbani mwao, wanazeeka, na hakuna anayebisha hodi. Hiyo ni aibu yetu sisi tuliosoma.

Wewe wa Tandahimba, nenda mwezi huu. Ikifika Oktoba watakuwa mashambani wanaokota korosho, hutamkuta mtu nyumbani.