Nilifelishwa na jiwe la kwetu Tororo

Nimezaliwa Tororo. Asubuhi zote za utoto wangu nilipiga mswaki nikiutazama ule mwamba uliosimama juu ya mji. Sasa sikilizeni aibu yangu. Mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, kwenye jaribio la jiografia ya maumbile, tuliulizwa tueleze aina za miamba na tutoe mifano ya Uganda. Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza kwamba mawe ya chokaa ni miamba tabaka, hutokana na mabaki ya viumbe wa baharini yaliyorundikana, mfano Tororo. Mwalimu akapiga mstari mwekundu chini ya neno la mwisho na kuandika pembeni: "Na bahari ilifika lini kwenu?"

Haikufika. Chokaa ya Tororo, ile inayosagwa na kuchomwa kuwa simenti, ilipanda kutoka chini ikiwa magma. Ni mwamba wa moto uitwao kabonataiti, ulioganda ndani ya volkano ya kale. Mvua na jua vikaula mlima wenyewe kwa mamilioni ya miaka, kikabaki kiini kigumu. Nilikuwa nimepiga mswaki mbele ya koo la volkano miaka kumi na minane bila kujua.

Mtihani wa mwisho nao nilianguka kwa alama chache. Nikairudia karatasi hiyo mwaka uliofuata kwa ada niliyokopa kwa shangazi, ambaye hadi leo kwenye harusi za ukoo hunitambulisha kama "yule mwalimu wangu wa mkopo." Mara ya pili nilipita, tena vizuri. Kila muhula walimu-wanafunzi wanaokuja shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha huniuliza wasome nini. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, kuweni na wasiwasi na notisi za kurithi. Kila chuo kina ile bunda ya fotokopi inayopita mkono kwa mkono, yenye doa la chai ukurasa wa tatu. Yangu ndiyo iliyosema chokaa yote ni ya baharini. Anayeirithi hurithi na makosa yake. Zile za mtandaoni zilizoandikwa kwa walimu wa Marekani ni nzuri kwa nyota, bahari na mabamba ya dunia, nami nilizitumia sana. Ila mifano yake ni ufa wa San Andreas kule California, na Yellowstone. Msahihishaji wako anataka Semliki na Katwe za hapa Uganda, na ukimpelekea California anajua hukufikiri, umenakili.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni Rwenzori. Mwanafunzi anafikiri hivi: Kilimanjaro ni mita 5,895 na ni volkano, Mlima Kenya ni mita 5,199 na ni volkano, basi Rwenzori wenye mita 5,109 na barafu kileleni lazima uwe volkano. Si volkano. Ni pande kubwa la miamba ya kale sana lililosukumwa juu kati ya nyufa wakati Bonde la Ufa la Magharibi likididimia pembeni yake. Elgon ndiyo volkano, na Muhavura, na Sabinyo. Basi unapoliweka jina la mlima kichwani, usiliweke peke yake. Lifunge na jinsi mlima ulivyotokea, kisha na mchoro. Mimi nilijilazimisha kuchora kila umbo mara tatu bila kutazama kitabu, mishale ikionyesha nguvu inasukuma wapi. Mchoro wenye majina na mishale ulinipa alama hata pale maneno yaliponiishia.

Na hapa nikae kidogo, maana ndipo somo liliponifungukia. Nilikuwa nimekariri kwamba Ziwa Victoria liko kwenye bonde lililobonyea, si ndani ya Bonde la Ufa, na kwamba mito ya Kafu na Katonga "iligeuzwa mkondo." Nilikuwa nikiyaandika maneno hayo kama sala ya lugha nisiyoijua. Kisha siku moja, nikiwa kwenye taksi ya kwenda Masaka, tukavuka Katonga, nami nikajiuliza: mto mpana hivi, wote mafunjo, maji yamelala tu, unaelekea wapi hasa? Nikachukua daftari. Zamani mito hii ilitiririka kwenda magharibi. Kingo za Bonde la Ufa zilipoinuka, ardhi ikainama nyuma kama sinia inayoinuliwa upande mmoja. Maji yakashindwa kupanda, yakarudi mashariki, yakajaa mahali palipobonyea. Ndiyo Victoria. Ndiyo Kyoga pia, ambalo ukilitazama kwenye ramani lina vidole vingi, kwa kuwa ni mabonde ya mito yaliyozama. Ndiyo maana ya kinamasi cha Katonga ambacho upande mmoja maji yake huelekea Ziwa George na upande mwingine Victoria. Ndiyo maana Victoria, pamoja na ukubwa wote ule, hata pale penye kina zaidi lina mita 80 na ushee tu. Mambo matano niliyokuwa nayakariri kila moja kivyake yakawa hadithi moja. Daraja la Katonga lilipoharibiwa na maji Mei 2023, na watu wa Masaka wakalazimika kuzungukia Sembabule, niliwafundisha wanafunzi wangu mada nzima kwa habari hiyo moja.

Miamba nayo ishikeni kwa mkono. Nilipokuwa najiandaa kurudia, nilienda kwa akina mama wanaoponda kokoto nje ya mji.

"Mama, mnatofautishaje mawe haya?"

"Hili la simenti, hili la kokoto," akanijibu bila kuinua kichwa. "La simenti ukiligonga linalia kifupi. We mwalimu hujui?"

Sikujua. Niliondoka na vipande sita kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Nyumbani nikavikwaruza kwa msumari na kuvikamulia ndimu. Lile la simenti likatoa povu dogo, nikafurahi kama mtoto, kwa sababu ndivyo kalsaiti, madini yaliyomo kwenye chokaa, yanavyofanya yakikutana na asidi. Graniti haikufanya lolote. Nunua ndimu mbili, hutasahau tena. Na murramu unaofunika vilima vya Buganda usiupuuze. Jiulize kwa nini vilima vile vina vichwa bapa vinavyolingana, na kwa nini vimekatalia pale wakati udongo wa pembeni umeshuka mabondeni.

Kwenye maporomoko ya ardhi nina ombi. Mifano yetu ina makaburi. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifukiwa, na huenda unakaa dawati moja na mtu wa kule. Andika kwa heshima, lakini pia andika kwa usahihi: usiishie kwenye "mvua nyingi." Eleza kwamba maji hujaza vinyweleo vya udongo mzito wa volkano, yakauongezea uzito na kupunguza mshikamano, huku mteremko ukiwa mkali na mizizi ya miti iliyokuwa ikiushika imekwisha kukatwa. Sababu moja iliyofafanuliwa namna hiyo inazishinda tano zilizoorodheshwa.

Ramani ni alama za bure, na watu wanaziacha mezani. Hesabu zake ni zile zile: kwenye 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1, ukipanda mita 200 katika kilomita 4, mteremko ni 1 kwa 20, ukichora mkato wima kwa sentimita 1 kuwakilisha mita 100, umekuza wima mara 5. Fanya moja kila usiku kabla ya kulala. Basi.

Sehemu inayokimbiwa ni anga na hali ya hewa. Mimi pia niliikimbia, nikidhani mwalimu wa jiografia anahitaji ardhi tu. Nilichogundua ni kwamba Uganda ni maabara nzuri ya mambo haya. Simika mti uwanjani upime kivuli. Kampala kivuli huwa kifupi kabisa si saa sita kamili bali karibu saa saba kasoro dakika kumi. Kwa nini? Saa zetu zinafuata longitudo 45 mashariki, na Kampala iko karibu na 32.5. Tofauti ni nyuzi 12.5, zidisha kwa dakika 4, unapata dakika 50. Swali la saa na longitudo halitakutisha tena.

Ukipita Kayabwe, pale ikweta kwenye barabara ya Masaka, utaonyeshwa beseni la maji linalozunguka kulia upande mmoja na kushoto upande wa pili. Toa hela yako, ucheke, piga picha. Lakini usiliandike kwenye mtihani! Nguvu ya Koriolisi, ile ya mzunguko wa dunia inayopindisha pepo, pale ikweta ni sifuri, na hatua ishirini kaskazini au kusini haiwezi kuamua maji ya beseni yazunguke wapi, yanafuata yalivyomiminwa. Nguvu hiyo hufanya kazi kwenye pepo zinazosafiri mamia ya kilomita. Niliwahi kumsahihishia mwalimu-mwanafunzi andalio la somo lenye beseni la Kayabwe kama ushahidi, nikakumbuka wino mwekundu wa mwalimu wangu, nikajizuia kuandika la kejeli. Karibu nishindwe.

Wiki mbili za mwisho nilikuwa nikimfundisha mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha pili, baada ya chakula cha usiku. Hakuwa na huruma. Kila niliposema "kutokana na nguvu za ndani ya dunia," aliuliza, "Nguvu gani?" Mahali nilipokwama ndipo niliposoma kesho yake. Karatasi ya mbinu za kufundisha nilikuja kuifanya kwa maswali ya mtoto huyo.

Siku yenyewe nenda na penseli mbili zilizochongwa, rula isiyovunjika pembe na kipande cha uzi cha kupimia barabara zinazopinda kwenye ramani. Uzi usiwe wa sufu, unavutika. Wangu niliukata kwenye mshono wa gunia la posho, yaani unga wa mahindi, na bado ninao kwenye kalamudani.